Ng'ombe Naye Apumzike

Somo: Kumbukumbu la Torati 5:12–15

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Amri ya Sabato wengi tumeizoea kama ilivyo katika kitabu cha Kutoka: Mungu aliumba kwa siku sita, siku ya saba akapumzika. Lakini Musa anapoirudia kwa kizazi kinachojiandaa kuvuka Yordani, sababu anayoitoa ni nyingine. Hagusii uumbaji. Anawaambia wakumbuke kwamba walikuwa watumwa Misri, na Bwana akawatoa kwa mkono wenye nguvu. Pumzikeni, kwa maana hamko tena chini ya Farao.

Huyo Farao tumtazame vizuri. Katika Kutoka 5 watu wanaomba ruhusa ya kwenda jangwani kumfanyia Mungu wao sikukuu. Jibu lake ni kuwanyima majani ya kufyatulia matofali, huku hesabu ya matofali ikibaki ile ile. Wanapolalamika anawaita wavivu. Yaani aliyeomba nafasi ya kuabudu ndiye mvivu! Mahubiri juu ya uvivu tumeyasikia mengi, na yule chungu wa Mithali 6, mdudu ambaye mvivu anaambiwa akajifunze kwake, amehubiriwa hadi amechoka mwenyewe. Farao anayeuita uchovu wa watu uvivu hatumsikii sana madhabahuni.

Mwaka 1930 mchumi Mwingereza John Maynard Keynes alitabiri kwamba baada ya miaka 100 hivi, saa 15 za kazi kwa wiki zingemtosha mtu. Miaka hiyo inakaribia kutimia. Mashine zimekuja kweli: hesabu zilizomkesha karani programu inazimaliza kwa dakika, na sasa kompyuta inaandika hata barua. Ila muda uliookolewa haukurudi nyumbani kwa watoto. Uliongezewa matofali. Aliyekuwa akidaiwa ripoti moja sasa anadaiwa tano, na simu inamfuata mezani, kitandani, hata ibadani. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulichangia vifo vipatavyo 745,000 vya kiharusi na maradhi ya moyo katika mwaka 2016.

Sasa rudini kwenye somo, muone nani wametajwa: wewe, mwanao, binti yako, mtumwa wako, mjakazi wako, ng'ombe wako, punda wako, mgeni aliye malangoni mwako. Ng'ombe na punda ndio waliokuwa nguvu ya kazi zama zile. Ng'ombe akichoka analala chini, na mwenye shamba atake asitake naye anasimama. Mashine hailali. Haina pumzi ya kuiishia, kwa hiyo hakuna kinachomsimamisha mwenye kuiendesha. Tulidhani itafuata mwendo wetu, kumbe sisi ndio tunaoufuata wake. Kwa mtazamo wangu, amri hii inatuhusu leo kuliko ilivyowahusu wale wenye ng'ombe.

Zaburi ya 127 inasema ni bure kuamka mapema na kuchelewa kulala ili kula chakula cha taabu, kisha papo hapo inasema wana ni urithi wa Bwana. Mambo hayo mawili yamewekwa jirani. Mzazi husema, "Nawahangaikia wao," na ni kweli, ada haijilipi. Lakini baba anayemwona mtoto wake akiwa usingizini tu, urithi wake unapita mbele ya macho yake.

Simwambii haya mama anayefanya kazi mbili kwa kuwa moja haitoshi, wala kijana wa zamu ya usiku asiyeulizwa anataka nini. Hao wamebeba ya kutosha, tusiwaongezee hatia. Amri inaanza na "wewe" mwenye shamba, mwenye watu chini yake, na inamalizia kwa kusema mtumwa wako apumzike *kama wewe*. Basi bosi unayetuma ujumbe saa nne usiku na kungoja jibu, ni wewe. Mwenye dada wa kazi anayelea watoto wako huku wake wakilelewa na bibi yao, ni wewe. Na sisi viongozi wa kanisa tunaoweka kikao kila jioni, kisha tukashangaa ndoa za waumini zinayumba, ni sisi pia.

Wiki hii someni Kutoka 5 nyumbani, watoto wakiwepo. Waulizeni ni saa ngapi wangependa simu za wakubwa zizimwe, na watakalosema lishikeni angalau kwa siku moja.

Tuombe: Bwana uliyetutoa Misri, wape pumziko waliochoka wasio na wa kuwatetea. Na kwa yeyote anayefanya kazi chini yetu, utuzuie tusiwe Farao wake. Amina.