Sufuria ya makande na bahari ya Sulemani

Nilipoanza kufundisha hisabati kidato cha kwanza katika shule moja ya Kilutheri hapa Moshi, nilidhani kuifanya hisabati iwe ya Kikristo ni kazi ya kutafuta mistari. Kila Jumatatu niliandika kwenye kona ya ubao ule mstari wa Zaburi ya 90 wa kuzihesabu siku zetu, halafu nikafundisha vilevile nilivyofundishwa mimi: kanuni, mfano, zoezi, na aliyepata sifuri anasomwa jina darasa zima likisikia. Mstari konani, fimbo mezani.

Jaribio la kwanza liliniumbua. Mwanafunzi mmoja aliandika juu kabisa ya karatasi "Ebenezeri, Bwana nisaidie", kisha akaacha maswali sita meupe. Nikamwita. Kumbe swali la kwanza lilikuwa la kigawe kidogo cha shirika (KDS), nayo alikuwa akiikokotoa tangu shule ya msingi bila shida. Nilipomwambia kwa Kiswahili, alilimaliza amesimama. Kilichomshinda ni Kiingereza cha swali. Watoto wetu wanamaliza la saba wakiwa na mzingo, kipenyo na kipeo cha pili. Januari wanaingia kidato cha kwanza, maneno yote yamebadilishwa usiku mmoja, nasi tunasema hawana kichwa cha hesabu.

Nikaanza kufundisha dhana kwanza kwa Kiswahili, wakiielewa ndipo naleta neno la Kiingereza la mtihani. Mwenzangu mmoja wa idara alinung'unika kwamba nawadekeza. Huenda. Ila mikono ilianza kunyooshwa.

Fungu la kumi lilinisaidia kwenye asilimia, lakini kwa muda tu. Kila mtoto alijua kumtolea Mungu kumi katika mia. Nilipouliza asilimia 12 ya 4,500 kukawa kimya kama makaburini. Nikajua walikuwa wanafuta sifuri moja tu, hawakokotoi. Mnada wa mazao baada ya ibada ulifaa zaidi, kwa sababu mkungu wa ndizi hupanda bei ovyo ovyo na faida yake haitoki kwa kufuta sifuri.

Siku ninayoikumbuka zaidi ni ya duara. Niliwapeleka jikoni na kamba ya katani, tukaazima sufuria kubwa ya makande. Mpishi alikubali kwa sharti kwamba tuisugue kwanza. Kipenyo kilikuwa sentimita 70, na kwa 22/7 mzingo ulitakiwa uwe 220. Kundi moja likaleta 219, la pili 221, la tatu 224. Wa 224 walikuwa wanataka kubadilisha jibu lao kimyakimya lifanane na la wenzao, nikawazuia. Tukaangalia: kamba yao ilipita juu ya mdomo wa sufuria, uliojikunja kwa nje. Hawakukosea kuhesabu, walipima kitu kingine.

Tuliporudi darasani, binti wa dawati la nyuma, ambaye huwa hasemi, akanyoosha mkono na Biblia imefunguliwa. "Mwalimu, samahani. Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 7, bahari ya shaba ya Sulemani, lile birika kubwa la duara la hekaluni: mikono kumi toka ukingo hata ukingo, na uzi wa mikono thelathini kuizunguka. Kwa hesabu yetu ingekuwa thelathini na moja na zaidi. Biblia imekosea?"

Darasa liliganda. Hata mimi nilitamani kengele ilie.

Nikamwambia asome mpaka mstari wa 26. Unene wa ukingo, nyanda nne, yaani upana wa kiganja. Nikawaambia kila mtu apime mkono wake, toka kiwiko hadi ncha ya kidole, kwa upana wa viganja. Wengi walipata sita, wachache karibu saba. Basi, kama mtu alipima kipenyo kwa nje na uzi kwa ndani, tunatoa kiganja kimoja kila upande, yaani viwili kati ya sita vya mkono mmoja: mikono kumi kasoro theluthi. Zidisha kwa 22/7. Yule wa "Ebenezeri" ndiye aliyewahi kufika: 30.38.

"Sasa ndiyo jibu?" wakauliza. Hapo nilishawishika kusema ndiyo, wafurahi. Nikasema huo ni ufafanuzi mmoja tu. Wengine husema mwandishi alitaja namba nzima, kama sisi tunavyosema kutoka hapa hadi Arusha ni kilomita 80. Maandiko hayasemi uzi ulipita wapi. Jioni nilimweleza mchungaji wetu, nikitarajia karipio. Aliniomba ile kamba akajaribu mwenyewe.

Tangu siku hiyo nimeacha kusoma majina ya waliopata sifuri, na nimepiga marufuku kufuta. Zamani walikuwa wanakwangua jibu kwa wembe mpaka karatasi inatoboka. Sasa jibu bovu linapigwa mstari mmoja na pembeni inaandikwa sababu. Nami nikikosea ubaoni sipitishi kiganja haraka haraka kama zamani. Napiga mstari wangu mbele yao. Wiki iliyopita nilikuwa nasahihisha daftari la yule binti, nikakuta swali amelikosa mara tatu. Pembeni ya kosa la tatu ameandika: "Nilipima mdomo."