Akili Inapoingia Ukungu Katikati ya Kazi

Kazi yangu ni kusoma miswada ya vitabu kabla haijapelekwa kwa mchapaji, na kila mhariri anaijua ile hali ambapo macho yanaendelea kupita juu ya mistari ilhali akili imekwisha kuondoka. Aya husomwa hadi mwisho bila kubaki chochote kichwani. "Walimu alifika" hupita kana kwamba ni sarufi sanifu.

Huu si uvivu. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Mwingereza Norman Mackworth alichapisha majaribio ambamo watu walitakiwa kuutazama mshale wa saa kwa muda wa saa mbili na kutoa ishara kila uliporuka hatua maradufu, akakuta kwamba umakini wao ulishuka ndani ya nusu saa ya kwanza. Na hao walikuwa wakitazama mshale tu, si tanbihi za tasnifu.

Kahawa husaidia kwa kuwa kafeini huizuia adenosini, kemikali inayojikusanya ubongoni kadiri tunavyokaa macho, isipate pa kushika. Lakini haiiondoi, na kikombe cha alasiri hulipiwa usiku kwa usingizi wa mang'amung'amu. Kinachonifaa zaidi ni kuinuka kabla ukungu haujatanda, kutembea hadi barazani bila simu, kisha kurudi na kusoma kwa sauti, kwa sababu sikio hulikataa kosa ambalo jicho limekwisha kulizoea. Uhakiki wa hoja naufanya asubuhi. Namba za kurasa na vichwa vya sura naviachia alasiri.