Nguva wa Chagall

Jumatatu, Nice, Ufaransa

Soko la Cours Saleya leo halina maua. Siku nyingine ni la wauza maua na mboga, lakini Jumatatu huwapisha wauza vitu vya kale. Nilikwenda kutafuta birika, nikakutana na nguva.

Alikuwa kwenye bango, anaelea juu ya ghuba na shada la maua mkononi. Chini yake maneno matatu ya Kifaransa: Nice, jua, maua. Ni bango la utalii la mwaka 1962, la mchoraji Marc Chagall. Mimi niliyekulia Pangani, nguva kwetu ni wa kutishia watoto wasicheze majini wakati wa magharibi. Huyu kashika shada kama bibi harusi!

Mzee mwenye meza aliniona nimeganda, akanipa lenzi. Kwenye ubavu wa nguva rangi ilikuwa ya chembechembe, kama chaki iliyopitishwa kwenye ukuta wa chokaa. Mabango ya siku hizi ukiyamulika hivyo unaona vinukta vimejipanga kama askari kwenye gwaride. Hii ni chapa ya mawe, ufundi aliouanzisha Mjerumani Alois Senefelder mwishoni mwa miaka ya 1790. Unachora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa, unalilowesha, kisha unapaka wino. Wino nao ni wa mafuta, kwa hiyo unayakimbia maji na kushika mchoro peke yake. Kila rangi ina jiwe lake, au bamba la zinki. Karatasi ikiteleza kidogo tu, nguva anapata macho manne.

Kwenye ukingo, kwa herufi za sisimizi: Mourlot, Paris. Na jina jingine, Ch. Sorlier. Kumbe Charles Sorlier, fundi wa karakana ya uchapaji ya Mourlot, ndiye aliyeichukua picha ya Chagall, akaichambua rangi moja moja na kuichora upya kwa ajili ya mashine. Wafanyabiashara husema bango la namna hii ni "kutokana na Chagall", si "la Chagall", na bei hushuka. Hata hivyo iliyoshuka hiyo ilikuwa kodi yangu ya miezi miwili. Nilicheka, mzee naye akacheka.

Machoni pangu jina lile dogo lililipandisha bango thamani. Marehemu baba alikuwa mpiga chapa, kucha zake hazikuwahi kutakata. Kalenda alizochapa zilijaa kwenye maduka ya mtaani kwetu na hakuna hata moja iliyomtaja. Akiingia dukani, kabla ya salamu, anaisogelea kalenda ukutani kutafuta nyekundu ilipotoka nje ya mstari. Mama alikuwa anaona aibu.

Nilimwomba mzee lenzi tena. Nikainama kwenye shada, kwenye maua mekundu, nikafuata kingo zake taratibu. Nyekundu imekaa sawasawa.