Safu ya ishirini kwenye chati

Kila ninapoingia wodini na kundi jipya la wanafunzi wa uuguzi, kitu cha kwanza ninachokitazama kwenye chati za wagonjwa ni safu ya upumuaji. Mara nyingi nakuta 20, 20, 20, kuanzia kitanda cha kwanza hadi cha mwisho, kwa mzee mwenye nimonia na kwa kijana anayesubiri kutolewa nyuzi. Joto limepimwa kweli, presha imepimwa kweli, mapigo ya moyo yamesomwa kwenye mashine, lakini pumzi hazikuhesabiwa, kwa sababu kusimama dakika nzima ukitazama kifua cha mtu huonekana kupoteza muda pale wagonjwa wanapokuwa wengi na zamu ina watu wachache. Namba imeandikwa ili nafasi isibaki wazi.

Mimi ni mkufunzi wa uuguzi na ukunga, na kazi yangu kubwa ni kuwasimamia wanafunzi wa stashahada wanapokuwa hospitalini kwa mazoezi ya vitendo. Nimekuja kuamini kwamba kumfundisha mwanafunzi kuipima hali ya mgonjwa na kuamua la kufanya kunaanzia kwenye safu hiyo, kabla ya sindano na kabla ya dripu.

Wanafunzi haohao wakiwa wodi ya watoto huhesabu pumzi kwa dakika nzima, saa mkononi, bila kukumbushwa. Wanajua kwamba kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, mtoto mwenye kikohozi wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50 kwa dakika, au wa miezi 12 hadi 59 akifikisha 40, pumzi zake zinahesabiwa kuwa za haraka na nimonia inafikiriwa. Huko namba ndiyo inayoamua dawa, kwa hiyo inaheshimiwa. Wakivuka kuingia wodi ya watu wazima, mazoea hayo yanabaki nyuma, kwa kuwa hakuna aliyewaonyesha namba ileile itaamua nini kwa mtu mzima. Ndiyo maana nasimama nao kitandani na kuwaeleza: mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, akifika 26 au 28 huku presha yake ingali nzuri, mwili wake unapambana na jambo fulani, pengine maambukizi yaliyosambaa kwenye damu, pengine asidi iliyozidi kwa mgonjwa wa kisukari, na muda wa kumsaidia ni sasa, presha ingali imesimama.

Mwaka 2006 Christine Tanner, msomi wa uuguzi wa Marekani, aliueleza uamuzi wa muuguzi kwa mambo manne: kugundua, kutafsiri, kuchukua hatua na kutafakari. Darasani tunayafundisha, nao huyajibu vizuri kwenye mtihani. Wodini, hata hivyo, mwanafunzi husukumwa moja kwa moja kwenye jambo la tatu, kwa kuwa kitabu chake cha mazoezi kinadai sindano kadhaa, katheta (mipira ya kutolea mkojo) kadhaa na vidonda kadhaa vilivyosafishwa, kila kimoja kikiwa na sahihi ya msimamizi. Sijawahi kukutana na nafasi ya sahihi kwa mwanafunzi aliyegundua mapema kwamba mgonjwa anabadilika, na hilo linanisikitisha sana.

Siku moja katika wodi ya wazazi, mwanafunzi wa mwaka wa tatu alinijia na kusema, "Mwalimu, mama wa kitanda cha sita yuko vizuri, presha yake 100 kwa 60." Mama huyo alikuwa na kama saa moja na nusu tangu ajifungue. Nikamuuliza mapigo ya moyo. Akatazama karatasi yake na kusoma, "124." Zamani ningempa jibu palepale, na nilifanya hivyo kwa miaka mingi nikidhani ndiko kufundisha, kumbe nilikuwa nikifikiri kwa niaba yake. Safari hii nilianza kutembea kuelekea kitandani, na tukiwa njiani nikamtaka aniambie atakachokikuta kabla hajafunua shuka. Hatua hizo chache ndizo nafasi yote niliyompa, maana uhai wa mama hauwezi kusubiri somo. Alipiga hatua mbili, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Anatoka damu."

Pedi ilionekana ya kawaida. Kanga iliyokunjwa chini yake, ambayo hakuna aliyekuwa ameigusa, ilikuwa imelowa hadi kwenye mpira wa kitanda. Mwanafunzi aliweka mkono tumboni akakuta mfuko wa uzazi umelegea na umepanda juu ya kitovu. Akaanza kuusugua, na mabonge yakatoka. Wakunga walikuja mbio, mama akapewa oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, akawekewa dripu, akatolewa mkojo uliokuwa umejaa kibofuni, na damu ikakatika.

Jioni nilikaa naye kwenye chumba kidogo cha kubadilishia nguo na kumuuliza aliona nini kwanza, kabla ya kipimo chochote. Akafikiri, kisha akasema kwamba alipomshika mama mkono ulikuwa wa baridi, na mama alimwomba maji mara mbili. Kumbe alikuwa ameona! Aliona mapema kuliko mashine, ila chati haina safu ya mkono wa baridi wala ya kiu, naye hakudhani kwamba hayo ni taarifa anazopaswa kuziripoti. Tangu siku hiyo nawataka wanafunzi wanieleze kwanza walichokiona na kukigusa, ndipo wasome namba.

Nilimweleza pia kwamba mwanamke aliyetoka kujifungua ana akiba ya damu aliyoijenga katika ujauzito, hivyo mapigo hupanda mapema na presha hushuka kwa kuchelewa; mapigo yakizidi namba ya juu ya presha, hakuna tena kusubiri. Jicho nalo hukadiria damu pungufu. Utafiti wa E-MOTIVE uliotolewa mwaka 2023, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ulitumia mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo kukusanya damu, pamoja na kutoa matibabu yote kwa mkupuo mara damu inapozidi, na madhara makubwa ya kutoka damu yakapungua kwa asilimia 60.

Limebaki jambo moja gumu kuliko kuhesabu, nalo ni kusema. Nimeshuhudia mwanafunzi akitoa taarifa sahihi na kujibiwa, "Wewe mwanafunzi umejuaje?" Baada ya jibu kama hilo, mwingine hafungui tena kinywa hadi amalize chuo. Kwa hiyo tunafanya mazoezi ya kusema kwa sauti kando ya korido: mgonjwa ni nani na ana nini sasa, alifikaje hapa, mimi naona tatizo ni lipi, naomba lifanyike nini. Sentensi ya mwisho ndiyo inayowashinda wengi, kwa kuwa wamelelewa kuripoti kwa wakubwa na kuondoka. Nawaambia wasiondoke kabla hawajapata jibu, na wakikosa jibu, waje kwangu.

Wiki iliyopita nilichukua chati za wodi ya wanaume. Safu ya upumuaji ilisomeka 18, 22, 16, 20, 28. Pembeni ya 28 kulikuwa na maandishi ya penseli, ya mkono wa mwanafunzi: "Nimehesabu mara mbili. Ngozi ina jasho. Nimemwambia sista wa zamu saa 4:10, daktari anakuja."