Simu ya mkopo: piga hesabu kabla ya kulipa malipo ya kwanza

Ukipita Oginga Odinga Street hapa Kisumu au ukishuka Kondele, utakutana na mawakala wa simu za mkopo. Leta kitambulisho, laini yenye M-Pesa na malipo ya kwanza, uondoke na simu. Zamani ulikuwa ulipe taslimu au ubaki na mulika mwizi wako. Safaricom na Google walipozindua Lipa Mdogo Mdogo Julai 2020, malipo ya kwanza yalikuwa shilingi 1,000, kisha 20 kwa siku. Siku hizi M-KOPA, Watu na wengine wako kwenye biashara hiyo hiyo.

Marekani walipitia njia nyingine. Mwaka 2008 iPhone 3G iliuzwa kuanzia dola 199, mradi utie sahihi mkataba wa miaka 2 na kampuni ya mtandao ya AT&T. Bei iliyobaki ilifichwa ndani ya bili ya mwezi, na wengi waliendelea kulipa bili ile ile hata baada ya mkataba kuisha. Machi 2013 mshindani wake T-Mobile ikatenganisha bei ya simu na bei ya huduma. Verizon ikafuata 2015, AT&T 2016. Sasa wateja wao hulipa simu kwa awamu, mara nyingi miezi 24 au 36, na deni linaonekana kwenye bili.

Huko unakopeshwa kwa rekodi yako ya mikopo. Mama mboga wa Kibuye hana hati ya mshahara ya kuonyesha, kwa hivyo dhamana ni simu yenyewe. Inakuja na programu ya kufunga: siku ulizolipia zikiisha, skrini inajifunga, na kwa kawaida kinachobaki ni njia ya kulipa na namba za dharura. Usimpe fundi pesa "aiflashi", yaani aifute na kuiwekea mfumo upya. Kifaa kimesajiliwa kwa IMEI, namba ya utambulisho ya kila simu, kwa hivyo hata ukifuta kila kitu, kufuli linarudi simu ikigusa intaneti.

Hesabu ndiyo inayowaponza wengi, kwa sababu shilingi 65 kwa siku haitishi mtu. Chukua mfano: malipo ya kwanza 3,000, kisha 65 kila siku kwa siku 365. Hiyo ni 23,725, ukijumlisha malipo ya kwanza inafika 26,725. Kama simu hiyo hiyo dukani ni 16,000 taslimu, umeongeza 10,725, karibu theluthi mbili ya bei. Kwa mwendesha boda anayehitaji ramani na wateja wanaoita boda kwa programu leo, huenda bado inalipa. Lakini aijue hiyo namba kabla ya kutia kidole, na mawakala wanaoitaja bila kuulizwa ni wachache mno.

Muulize wakala pia: nikikosa siku 5, siku zinasogezwa mbele tu au kuna faini? Nikimaliza mapema napunguziwa? Simu ikiibiwa kuna bima, au deni linabaki kwangu? Majibu yawe kwenye mkataba.

Wakati wa kulipa, kosa la kawaida ni namba ya akaunti. Tarakimu moja ikikosewa, pesa zinaweza kuingia kwa mtu mwingine na simu yako ijifunge usiku huo. Weka kila ujumbe wa M-Pesa, na upige picha ya skrini uiweke nje ya simu hiyo.

Ukinunua simu ya mkono wa pili, bonyeza *#06# ulinganishe IMEI na ya kwenye boksi. Mwambie muuzaji aondoe akaunti yake, airudishe simu kama mpya mbele yako, kisha iunganishe na intaneti kabla hujatoa hata shilingi. Programu ya mkopeshaji ikijitokeza tena, huenda deni halijaisha.

Ukimaliza kulipa, washa data na usubiri ujumbe wa kuthibitisha. Kisha fungua mipangilio ya usalama, utafute orodha ya programu zenye mamlaka juu ya kifaa. Ya mkopeshaji ikiwa bado ipo, rudi dukani na kitambulisho na jumbe zako za malipo.