Visiki vitatu vya Gazi

Mwaka 2015, nikiwa bado chuoni, nilipelekwa Gazi, kilomita 50 hivi kusini mwa Mombasa, kwa mafunzo ya vitendo. Nilidhani nitapanda miti. Kumbe nilichokabidhiwa ni kuhesabu visiki.

Ghuba ya Gazi inapokea mito miwili, Kidogoweni na Mkurumuji, na pale maji ya mvua yanapochanganyika na ya bahari pamejitandaza msitu wa mikoko wa hekta 600 na ushei. Hekta 117 kati ya hizo ziko chini ya Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji wa Gazi na Makongeni ambao tangu 2013 umekuwa ukiuza hewa ya ukaa inayozuiwa na msitu, karibu tani 3,000 kwa mwaka: yaani mnunuzi analipa ili miti isimame na hewa hiyo ichafuayo isipande angani. Pesa zinaingia kwenye maji ya bomba na mahitaji ya shule. Lakini mnunuzi hanunui maneno. Lazima kila mara aonyeshwe kwamba miti ipo, na iliyokatwa ni mingapi.

Siku ninayoisimulia ilikuwa ya bamvua, bahari inapojaa na kupwa kuliko siku nyingine. Tuliingia kama saa tatu asubuhi, maji yakizidi kupwa, mimi na mama mmoja wa makamo wa pale pale kijijini, kajifunga kanga kibwebwe na kamba ya kupimia begani. Tulipita mikandaa mifupi ya upande wa nchi kavu, nayo ni aina ya mikoko, tukaingia kwenye mikoko yenyewe, ile yenye jina hilo. Huko mbele, kulikoelekea bahari, ilionekana mililana, aina nyingine tena. Mti mwingine unaupima usawa wa kifua, basi. Mkoko una mizizi ya juu inayoushika shina, kwa hiyo unapima sentimita 30 juu ya mzizi wa mwisho, na mara nyingine mzizi huo unakupita kimo. Mama yule alipanda kama hana miaka hamsini. Mimi nilikuwa naandika, tope magotini, harufu ya yai viza puani.

Harufu hiyo nilikuja kuiheshimu. Tope la mikoko halina hewa ndani, majani na mizizi inayokufa humo haiozi ikaisha, na ndiyo maana akiba kubwa ya ukaa ya msitu huu imelala chini ya miguu kuliko ilivyo kwenye mashina. Ukikata miti mingi tope linabaki wazi, na ile akiba ya miaka mamia inaanza kutoka.

Kwenye eneo letu la mwisho tukakuta visiki vitatu, vyote vyekundu bado. Mama akainama, akakipitisha kidole gumba juu ya kimoja.

"Vya juzi," alisema. "Viwili ni mazio. Hiki kidogo ni pau." Ni majina ya nguzo kwa unene: mazio ni nene kuliko pau, na fito ni nyembamba kuliko zote.

"Tuwaite askari wa misitu, Mama?"

"Subiri kwanza, mwanangu. Mwizi wa kuuza hakati miti mitatu. Huyu anaezeka."

Sikupendezwa. Fomu yangu ilikuwa na kisanduku cha visiki, haikuwa na kisanduku cha kuezeka. Ila alikuwa anajua anachosema. Pwani hii imejengwa kwa mikoko, na imepeleka boriti Arabuni kwa majahazi vizazi na vizazi, mpaka serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Mti wake mchwa hauuwezi. Nani atamwambia mtu auache, asipompa mwingine?

Jioni kikaitwa kikao chini ya mwembe. Haikuchukua muda, kijana akasimama mwenyewe: anaongeza chumba, harusi iko mwezi ujao. Mzee mmoja akamuuliza kwa nini hakwenda kwenye mivinje, maana mradi ulikuwa umepanda mivinje makusudi ili watu wapate nguzo bila kugusa mikoko.

"Nilikwenda, Mzee. Ile iliyobaki ni ya fito."

Watu wakacheka, kisha wakanyamaza, kwa sababu ilikuwa kweli. Minene ilikuwa imeshauzwa kwa wajenzi wa hoteli, wanaolipa vizuri.

Hukumu ya kijana ilikuwa nyepesi: miche atakayopanda na zamu atakazolinda. Kilichowachelewesha watu ni hiyo mivinje. Akina mama walitaka sehemu itengwe kwa wanakijiji kwa bei ya chini. Mweka hazina akauliza pengo litazibwa na nini. Yule mama niliyeshinda naye topeni akamjibu kwamba pau moja ya mkoko ikikatwa, mwenye kulipa hewa hatauliza bei ya mvinje, atauliza kisiki. Nikaombwa nisome hesabu yangu kwa sauti, nikasoma: vitatu. Ubishi wa bei ukaanza upya, ukaenda mpaka adhana ya isha, na bei ikapitishwa watu wakiwa wameshasimama.