Shada la Mlangoni la Boksi na Majani Yaliyoanguka

Majira ya mapukutiko yakifika hapa Minneapolis, Marekani, maduka hujaa mashada ya plastiki yenye rangi ya chungwa ambayo, kwa maoni yangu, hayastahili bei yake, hasa kwa kuwa miti ya mepo iliyo mtaani hutoa majani mekundu na ya manjano bila malipo. Mwaka huu shada langu nimelitengeneza kwa boksi la mzigo uliokuja kwa posta: nimekata duara lenye tundu kubwa katikati, nikalizungushia vitambaa vyembamba vilivyochanwa kutoka khanga iliyochakaa, kisha nikabandika majani kwa gundi.

Kazi hasa iko kwenye majani. Jani likiachwa mezani hujikunja na kuvunjika baada ya siku chache, kwa hiyo hulazwa kwanza kati ya kurasa za kitabu kizito mpaka likauke likiwa limenyooka, halafu hupigwa pasi isiyo kali likiwa katikati ya karatasi mbili zenye nta, ambayo huyeyuka, hulifunika na kusaidia kuhifadhi rangi yake. Koni za misonobari nazo huingizwa kwenye oveni kwa nyuzi 95 hivi za Selsiasi kwa nusu saa, huku zikiangaliwa muda wote, ili wadudu waliojificha ndani wasihamie sebuleni.

Trei za mayai zimegeuka maua ya mezani, ingawa hayo sikuyapenda sana. Nilichonunua ni gundi tu, na shada litabaki mlangoni hadi Sikukuu ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba.